Kati ya ngapi?

Kila mwaka, wakati wa kumaliza TFC, ujumbe uleule unaingia mu simu yangu: "Kaka, namna gani wanafanya ile grafiki ya asilimia ku Excel?" Jibu la haraka ni la dakika kumi. Ninalitoa, mtu anashukuru, anaenda zake. Lakini mimi mwenyewe zile dakika kumi zilinigharimu safari mbili za pikipiki na aibu mbele ya wazee. Njo maana leo nataka kuandika kwa urefu kidogo, na kuanza mbali: London ya mwaka 1662. Mtanivumilia.

Walimu wetu wanaita kile kitu fréquence relative. Mimi hapa nitakiita mgao. Idadi ni kile ulichohesabu: mimea 36 yenye ugonjwa mkali. Mgao ni ileile idadi ukiisha kuigawa kwa jumla ya vyote ulivyoangalia. Ni kugawa mara moja tu, hesabu ya shule ya msingi. Kama ni rahisi vile, kwa nini watu wenye akili walichukua karne nyingi kuizoea, na kwa nini mwanafunzi wa agro anaiharibu usiku mmoja tu?

Nilikuwa G3. Kazi yangu ilikuwa juu ya mozaiki ya muhogo, ule ugonjwa wa virusi unaoenezwa na nzi mweupe mdogo, na zaidi na sisi wenyewe tunapokata miti ya kupanda ku shina lenye ugonjwa. Majani yanajikunja, yanapata madoa ya njano, sombe inakuwa haba, na chini mizizi inabaki kama vidole. Mu shamba tunatoa alama kutoka 1 mpaka 5: 1 ni mmea usio na dalili, 5 ni mmea ulioharibika kabisa. Desturi ni kuangalia mimea 30 kwa kila shamba. Nilikuwa na vijiji viwili, nitaviita cha juu na cha chini. Cha chini kiko kando ya barabara, nikafanya mashamba matano, mimea 150. Cha juu, mvua ilikuwa imekata njia. Nilifika mara moja, mashamba mawili, mimea 60, nikashuka kabla ya giza.

Daftari langu lilisema hivi. Kijiji cha juu, kutoka alama 1 mpaka alama 5: 12, 9, 15, 18, 6. Kijiji cha chini: 60, 30, 24, 21, 15.

Nikapiga grafiki ya idadi, nguzo za bluu na nguzo za machungwa. Za kijiji cha chini zilikuwa ndefu kila mahali. Kwa alama 4 na 5 pamoja, cha chini kilikuwa na mimea 36, cha juu 24. Wakati ule komite ya walimaji ilikuwa inangoja mzigo mdogo wa miti safi ya kupanda, na ilijulikana kwamba hautatosha vijiji vyote. Mzee mmoja akaniuliza: "Mtoto wangu, wewe njo umesoma. Tuanzie wapi?" Nikafungua mashine mbele yao, nikageuza kioo upande wao, nikaonyesha zile nguzo. "Baba, tuanzie chini." Wakatikisa vichwa. Nguzo ndefu haina mbishi.

Siku tatu baadaye, CT aliyekuwa anafuata kazi yangu aliangalia ileile grafiki. Hakusema mengi. "Thelathini na sita, sawa. Kati ya ngapi?"

Ukigawa 36 kwa 150 unapata asilimia 24. Ukigawa 24 kwa 60 unapata asilimia 40. Kijiji kilichokuwa kinaumia zaidi ni kile cha juu, kile ambacho mimi nilikionyesha kwa nguzo fupi. Nguzo za kijiji cha chini zilikuwa ndefu juu barabara yao ni nzuri.

Sasa London. Mu karne ya 17 ule muji ulikuwa unachapisha kila wiki karatasi ya vifo, parokia kwa parokia. Watu waliinunua hasa kwa kuona kama tauni inapanda, matajiri wapate kukimbia mapema. Waliokuwa wanaleta habari za nyumbani ni wanawake wazee waliotumwa kuangalia maiti na kusema mtu amekufa na nini. Hawakuwa waganga. Karatasi zilikusanyika miaka na miaka, kila mtu akisoma ya wiki yake na kuitupa.

John Graunt alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, hakuwa mtu wa chuo. Mwaka 1662 alitoa kitabu kidogo juu ya zile karatasi. Alichukua miaka 20, akajumlisha vifo vyote: 229,250. Halafu akatoa pembeni vile vya magonjwa ambayo aliona ni ya watoto wadogo, akapata 71,124. Hakusimama pale. Aliweka ile ya pili juu ya ile ya kwanza, akasema: karibu moja ya tatu ya vifo vyote. Hapa msomaji wa London, ambaye kila wiki alikuwa anaogopa tauni, anaambiwa kwamba hata mwaka bila tauni kifo kikubwa kiko mu kitanda cha mtoto. Idadi peke yake ilikuwa imelisema hilo kila wiki kwa miaka mingi, hakuna aliyelisikia.

Alienda mbele. Alitengeneza tablo ya watoto 100 na jinsi kifo kinavyowapunguza: 36 kabla ya kufikia miaka sita, kisha 24 mu miaka kumi inayofuata, kisha 15, 9, 6, 4, 3, 2, 1. Jumlisha, utapata 100 kamili. Kwa macho ya leo ni safu ya mgao, ungeiingiza ku Excel ikatoa grafiki nzuri ya kushuka. Ila kuna jambo moja, na ninalipenda kwa ubaya wake: zile karatasi za vifo hazikuandika umri wa marehemu. Ile 36 aliitoa kwa kukadiria kutoka kwa majina ya magonjwa. Zingine alizipanga kwa akili ili zishuke vizuri. Safu inafunga ku 100, na sehemu kubwa yake ni kubahatisha. Graunt alikuwa mtu mwaminifu, alisema pia kwamba wale wanawake wazee wangeweza kulainishwa na kikombe cha bia na sarafu kidogo wabadilishe jina la ugonjwa. Sisi tuliotuma wanafunzi wenzetu kujaza formulere mu vijiji, tunajua anazungumza nini.

Kwa picha, tunapita haraka. Grafiki ya nguzo tunamshukuru William Playfair, Mskoti, mu atlasi yake ya mwaka 1786. Aliichora juu ya biashara ya Scotland ya mwaka mmoja tu, juu hakuwa na takwimu za miaka mingi za kuchora mstari. Yeye mwenyewe aliiona kama kitu cha kujisaidia. Mwaka 1801 alichora duara iliyokatwa vipande, kuonyesha dola ya Uturuki ilikuwa na ardhi kiasi gani Asia, Ulaya na Afrika. Ile duara haina namna ya kuonyesha idadi peke yake: ukiichora tayari umegawa kwa jumla. Njo grafiki ya mgao kwa maumbile yake. Mimi siipendi, juu jicho halijui kupima pembe, lakini kwa hilo moja ninaiheshimu.

Mtu ninayetaka kukaa naye ni Adolphe Quetelet. Mbelgiji wa Gent, aliyezaliwa mwaka 1796, mtu wa nyota aliyeongoza kituo cha kuangalia anga cha Bruxelles, na baadaye akaingia kabisa mu kuhesabu watu. Mwaka 1846 alitoa kitabu cha barua juu ya nadharia ya uwezekano, na ndani yake kuna tablo inayorudishwa mpaka leo mu vitabu vya takwimu: vipimo vya kifua vya wanajeshi wa Scotland, kutoka inchi 33 mpaka 48.

Safu ya kwanza ni inchi. Safu ya pili ni idadi ya watu: 3 wenye inchi 33, 18 wenye 34, 81 wenye 35, inapanda hivyo mpaka 1,079 wenye inchi 40, halafu inashuka mpaka mtu mmoja tu wa inchi 48. Jumla 5,738. Na safu ya tatu, pembeni, ni ileile idadi ikiisha kugawanywa, kana kwamba wanajeshi walikuwa 10,000: 5, 31, 141, inapanda mpaka 1,882, inashuka mpaka 2. Ni tablo yetu. Alama, idadi, mgao. Mwanafunzi anaijenga vilevile leo, safu E, F, G, bila kujua amekaa ku kiti cha Quetelet.

Kwa nini aligawa? Juu alitaka kuweka wale Waskoti kando ya kitu kingine: kando ya mgao ambao hesabu ya uwezekano ingetoa kama vipimo vingekuwa vinatawanyika kwa bahati tu kandokando ya mtu wa katikati. Hesabu ya uwezekano haina watu 5,738. Haina watu kabisa, ina sehemu tu. Ili vitu viwili vikutane lazima viwe mu kipimo kimoja. Njo kazi ya kugawa, na kwangu mimi njo kijiji cha juu na kijiji cha chini.

Sasa mshangae kidogo. Fungua mashine yako, andika 1079 gawa kwa 5738, zidisha kwa 10,000. Utapata 1,880. Quetelet aliandika 1,882. Na si hapo tu. Vipimo alivitoa mu jarida la waganga la Edinburgh la mwaka 1817, ambako vilikuwa vimegawanyika kwa vikosi na kwa urefu wa watu, tablo nyingi ndogondogo. Alipojumlisha zote mu safu moja, aliteleza. Waliorudia kazi kutoka jarida lenyewe walikuta watu 5,732, wala si 5,738. Umbo la grafiki halikubadilika sana, bahati yake. Lakini mimi niliposoma habari hiyo nilipumua. Mwanzilishi mwenyewe alikosea kunakili.

Quetelet si mgeni kwetu kama mnavyodhani. Alikuwa kiongozi wa tume ya takwimu ya Ubelgiji tangu 1841, alishughulikia hesabu ya watu wa nchi ile mwaka 1846, na mwaka 1853 kongamano la kwanza la kimataifa la takwimu lilikutana Bruxelles. Alikufa 1874, kabla Leopold hajachukua Kongo. Lakini dola iliyokuja kututawala ilikuwa imekulia mu desturi ile ya tablo na safu. Kati ya 1955 na 1957 wakoloni walifanya uchunguzi mkubwa wa watu wa Kongo kwa kuchagua sehemu tu ya watu, na kutoka pale wakatoa migao: waliozaliwa kiasi gani kati ya elfu, waliokufa kiasi gani kati ya elfu. Nasi, baada ya uhuru, tumefanya hesabu kamili ya watu mara moja, mwaka 1984. Waandishi wengi wa ukurasa huu hawakuwa wamezaliwa. Kila siku mu redio tunasikia "asilimia sabini ya Wakongo" hii na "asilimia themanini" ile. Mimi nikisikia, sauti ya CT inanirudia mu masikio. Kati ya ngapi? Chini ya ule mstari wa kugawa kuna makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio, na mwanzo wao ni 1984.

Neno histogramu lenyewe ni la Mwingereza Karl Pearson, alilichapisha mwaka 1895. Kwake ni nguzo zinazogusana, juu ya vipimo vinavyoendelea bila kukatika kama inchi za kifua au kilo za mavuno. Sisi tunaotumia Excel ya Kifaransa tumechanganyikiwa bure, juu ile mashine inaita "Histogramme" kila grafiki ya nguzo zilizosimama, hata nguzo za aina za mbegu au za majina ya vijiji. Alama za mozaiki 1 mpaka 5 ni ngazi, si vipimo vinavyoendelea. Acheni nafasi kati ya nguzo, hata kama menyu inaita ile picha histogramu. Mu jury kuna mtu atauliza.

Na hesabu zenyewe zilifanyika kwa mkono. Ronald Fisher, ambaye sisi watu wa agro tunabeba vitabu vyake bila kujua sura yake, aliingia mu kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919. Alikuta miaka mingi ya takwimu za mashamba, na chombo chake kilikuwa mashine ya chuma ya kuzungushwa kwa mkono iliyoitwa Millionaire. Yangambi yetu, kituo kikubwa cha INEAC kando ya mto, iliishi miaka yake ya kwanza mu dunia ileile ya karatasi na penseli. Kila ukibadilisha namba moja unafuta jumla, unafuta migao yote, unaanza tena.

Huku kufuta njo kulizaa Excel. Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara ku Harvard. Mu darasa alikuwa anaona tablo kubwa imeandikwa ubaoni: namba moja ikibadilishwa, zingine zote zinazoitegemea lazima zifutwe na kuandikwa upya. Akawaza ubao unaojifuta wenyewe. Rafiki yake Bob Frankston akaandika programu, mara nyingi usiku, na mwaka 1979 VisiCalc ikauzwa kwa mashine ya Apple II. Ilikuwa na mistari 254 na safu 63. Leo mwanafunzi angeiona ni ndogo, lakini mimea yangu 210 ingeingia mule bila shida.

VisiCalc haikuchora. Kwa picha ulihitaji programu nyingine, VisiPlot, iliyoandikwa na Mitch Kapor. Kapor huyo alikuja kutengeneza Lotus 1-2-3, iliyotoka mwaka 1983, ambako tablo na grafiki vilikaa mu nyumba moja. Lotus ilikuwa hata na agizo la kuhesabu ni namba ngapi zinaangukia mu kila kundi, yaani idadi za histogramu bila kupiga vijiti mu daftari. Excel ilifuata mwaka 1985 ku Macintosh na 1987 ku Windows. Mengine mnayajua.

Kuna kitu kimoja kidogo mu historia ile ambacho kiliniumiza mimi binafsi, na ni alama ya dola. Ukinakili formula kwenda chini, mashine inahamisha kila anwani kwenda chini pamoja nawe. Kwa kawaida njo unachotaka. Lakini jumla haitakiwi kuhama, jumla ni moja. Mu VisiCalc, ulipokuwa unanakili, programu ilikuuliza kwa kila anwani: hii ihame, ama ikae? Ilichosha, lakini ilikulazimisha kuwaza. Lotus na Excel zikaweka dola: $F$7 haihami, F7 inahama. Hakuna anayekuuliza tena. Ukisahau, ni juu yako.

Usiku baada ya swali la CT nilikaa na mashine, betri ikiwa nusu na umeme haupo. Mega zilikuwa zimeisha baada ya kuangalia video moja ya Kiingereza ambako mtu anaandika COUNTIF na mkato, na Excel yangu ya Kifaransa inakataa. (Kwa Kifaransa ni NB.SI, na kati ya vipande ni nukta-mkato. Hilo peke lilinichukua saa moja.) Nilikuwa nimepanga vijiji viwili mu safu moja, kimoja chini ya kingine, bila mstari wazi. Idadi za kijiji cha juu kutoka F2 mpaka F6, jumla yake F7. Za kijiji cha chini kutoka F8 mpaka F12, jumla F13. Mu G2 nikaandika =F2/F7. Ikatoa asilimia 20. Sawa. Nikashika kona, nikavuta mpaka G6.

G3 ilitoa asilimia 15. Nikahakikisha kwa simu: 9 gawa kwa 60, asilimia 15. Sawa kabisa. Nikalala.

Kumbe G3 ilikuwa inagawa kwa F8. Na F8, idadi ya mimea mizima ya kijiji cha chini, ilikuwa pia 60. Bahati mbaya ya namna ile hata shetani angehitaji siku nzima kuipanga. G4 iligawa 15 kwa 30, ikatoa asilimia 50. G5 iligawa 18 kwa 24, asilimia 75. G6 ikatoa karibu 29. Kama ningeacha mistari wazi chini ya jumla, mashine ingepiga kelele #DIV/0! na ningeamka. Haikupiga kelele. Ilikuta namba, ikagawa.

Asubuhi nilipojumlisha ile safu, nilipata asilimia 189.

Basi, ndugu zangu, grafiki inavyotengenezwa ni hivi. Data ghafi mnaziweka mu safu moja kwa kila kijiji, mmea mmoja mstari mmoja. Mimi B2 mpaka B61 kwa cha juu, C2 mpaka C151 kwa cha chini. Mu safu E mnaandika alama 1 mpaka 5. Mu F2: =NB.SI($B$2:$B$61;E2), mnavuta chini. Chini yake =SOMME(F2:F6), na hapo usiendelee kama haikutoa ile 60 unayoijua ku daftari; kama imetoa 58, kuna mimea miwili uliandika "3 ?" badala ya 3, na mashine haikuihesabu. Mu G2: =F2/$F$7. Ile dola ku AZERTY iko karibu na kidole kidogo cha mkono wa kuume, ama piga F4 mara moja kishale kikiwa juu ya F7. Mnavuta. Chini ya G mnajumlisha tena: lazima iwe 1, ama asilimia 100 ukiisha kubadilisha sura ya namba. Kijiji cha pili mnakiweka pembeni, si chini. Halafu mnachagua safu za mgao peke yake, si za idadi, mnaenda Insertion, mnachukua nguzo zilizosimama, vijiji viwili mu picha moja. Mhimili wa kusimama uanze ku sifuri. Mkifanya picha mbili tofauti, wekeni kilele kimoja kwa zote mbili kwa mkono, juu Excel inachagua kilele chake kwa kila picha na asilimia 20 ya hapa itaonekana ndefu kuliko asilimia 35 ya pale.

Na chini ya kila jina la kijiji andikeni ile jumla: n = 60, n = 150. Hii wengi wanaacha, hata walimu. Graunt hakuiacha, Quetelet hakuiacha, njo maana sisi leo tunaweza kuwasahihisha.

Nilirudi kwa ile komite na pikipiki, grafiki mpya imechapishwa ku karatasi, juu sikutaka tena kugeuza kioo. Mzigo ulikuwa umefika. Nusu ya miti ilikuwa tayari imegawanywa kijiji cha chini, imekatwa na imeingia mu ardhi. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tu: "Ulituambia kwa nguvu sana, mtoto wangu." Nusu iliyobaki ikapanda juu.

Mama mmoja wa kijiji cha juu, ambaye shamba lake lilikuwa moja kati ya yale mawili, aliangalia karatasi kwa muda mrefu. Akaweka kidole juu ya n = 60.

"Hii ni nini?"

"Mama, ni mimea niliyohesabu kwenu."

"Yote kwangu na kwa jirani yangu tu?"

"Njo."

"Na wale wa ng'ambo ya kijito?"

Sikuwa na jibu. Njia ilikuwa imekauka, haikuwa na kisingizio tena. Wiki iliyofuata nilipanda, nikalala kwake, nikahesabu mashamba mengine matatu, mimea 90, mtoto wake akishika daftari. Alama 4 na 5 zilikuwa mimea 31. Pamoja na zile 24 za kwanza, 55 kati ya 150, karibu asilimia 37. Si 40 tena, lakini bado juu ya 24.

TFC niliitoa na grafiki ile ya mwisho, n = 150 kwa kila kijiji. CT aliiangalia, akacheka kidogo. Sasa jumla zikiwa sawa, hata ile grafiki yangu ya kwanza ya idadi tu ingesema ukweli.